Tupeane uzoefu: Safari ya gari ya kiangazi, kutoka Disneyland hadi Death Valley

Mwanzisha mada, Columbus, Ohio

Ndugu zangu, kila ifikapo Mei hupokea simu za jamaa wanaotaka kuwapeleka watoto California shule zikifungwa, na karibu wote huuliza kama inawezekana kuunganisha Disneyland na majangwa katika safari moja ya gari. Inawezekana, na familia yangu ilifanya hivyo Julai iliyopita kwa siku tisa. Naomba kila aliyepita njia hizo atueleze aliyoyaona. Mimi nitaanza na kosa langu, kwa sababu naona wengi wanaelekea kulirudia.

Nilipanga safari nzima kwa kufuata ratiba ya bustani za burudani, na jangwa nikalihesabu kuwa ni barabara tu ya kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Tulikaa Anaheim siku tatu: mbili Disneyland, na moja Knott's Berry Farm iliyoko Buena Park, mwendo mfupi kwa gari, ambayo kweli ilianza kama shamba la matunda. Usiku wa mwisho tulingoja fataki, watoto wakalala saa saba, na kesho yake tukaondoka hotelini saa tano asubuhi kuelekea Las Vegas, umbali wa takriban kilomita 430. Kwa mpango huo tulijikuta katikati ya jangwa la Mojave saa nane na nusu mchana.

Tulisimama Baker, mji mdogo wenye kipimajoto kinachojulikana kuwa kirefu kuliko vyote duniani. Kina urefu wa futi 134, kwa kumbukumbu ya nyuzi 134 za Farenhaiti, yaani 56.7 za Selsiasi, zilizopimwa Death Valley tarehe 10 Julai 1913. Gari lilikaa juani dakika ishirini tu. Binti yangu wa miaka sita alipokaa kwenye kiti chake, kifungo cha chuma cha mkanda kiligusa paja lake, akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Alama nyekundu yenye umbo la kile kifungo ilidumu siku tatu. Tangu hapo kanga ya mama yao haikukaa begini tena: kila tuliposhuka tulikifunika kiti nayo, mkanda na vifungo vyake vyote.

Baada ya Baker barabara inapanda mlima mrefu, na kuna mabango yanayowashauri madereva wazime viyoyozi ili injini zisichemke. Niliyapuuza, mshale wa joto ukapanda, nikalazimika kuegesha pembeni huku malori yakipita na kulitikisa gari. Ushauri wangu ni kuyatii mabango hayo: fungueni madirisha, vumilieni dakika kumi za joto, mfike juu salama.

Siku mbili baadaye tulifanya inavyotakiwa. Tuliondoka Las Vegas saa tisa usiku, tukajaza mafuta Pahrump kwa sababu ndani ya hifadhi ya Death Valley yana bei kubwa, na kabla ya jua kuchomoza tukawa Zabriskie Point, mahali pa juu pa kutazamia bonde. Pale hakuna kelele ya aina yoyote. Mwanga ulianza kwenye vilele vya milima ya magharibi, ukateremka taratibu hadi kwenye mikunjo ya udongo wa manjano iliyokuwa chini ya miguu yetu, na kijana wangu mkubwa, ambaye siku tatu za Anaheim hakuiweka simu chini, aliiweka. Saa moja asubuhi tulikuwa Badwater Basin, mita 86 chini ya usawa wa bahari. Ukigeuka nyuma na kutazama juu kwenye jabali utaona kibao kidogo cheupe kinachoonyesha usawa wa bahari ulipo, na mtoto anayekiona anaelewa jambo ambalo darasani lingechukua wiki. Ardhi yenyewe ni chumvi iliyoganda katika vipande vyenye kingo zilizoinuka. Binti yangu alilamba kidole kuhakikisha, akaniambia, “Baba, ni chumvi ya jikoni kabisa.”

Saa nne asubuhi tulikuwa tunatoka bondeni, na ndiyo saa ambayo askari wa hifadhi huwataka watu wawe wameacha kutembea kwa miguu sehemu za chini wakati wa kiangazi. Basi, pangeni kwanza saa za jangwa, alfajiri na jioni, kisha bustani za burudani zipewe siku zinazobaki, na kati ya hayo mawili iwepo siku nzima ya kulala.

Baba wa watoto wanne, Phoenix, Arizona

Asante sana, kaka. Sisi tulitoka Uvira, na tunaishi Phoenix mwaka wa nane sasa, kwa hiyo safari hii tunaianzia upande wa pili. Tunaondoka nyumbani saa saba usiku kwa barabara namba 10, watoto wakiwa wamelala, na alfajiri tunaingia hifadhi ya Joshua Tree, California, kwa lango la kusini. Wakati wa kiangazi saa za Arizona na California zinalingana, hivyo hakuna hesabu ya kukuchanganya.

Hifadhi ile ni mahali majangwa mawili yanapokutana. Upande wa chini, wenye joto zaidi, kuna bustani ya asili ya mikaktasi iitwayo cholla, na jua likichomoza miiba yake yote inawaka kama taa ndogondogo. Lakini mtu asiende na ndala. Kipande cha mmea huo kikigusa nguo au ngozi kinang'ang'ania, na ukikivuta kwa vidole kinahamia vidoleni. Mtoto wetu wa tatu alichomwa kwenye kifundo cha mguu, na mama yake akakiondoa kwa kitana cha nywele, akikiingiza kati ya kipande na ngozi kisha kukirusha mbali kwa pigo moja. Sasa kitana kinakaa kwenye droo ya gari. Mkumbuke pia kwamba karibu hifadhi yote haina maji wala mtandao wa simu. Sisi hubeba lita nne kwa kila mtu kwa kila siku, na nyingine za gari lenyewe.

Mchana huwa hatuendelei na safari. Tunafika Palm Springs, tunapanda magari ya kamba yanayokupeleka hadi mita 2,596 juu ya mlima, ambako watoto wanavaa masweta wakiwaangalia watu wanaoungua chini. Saa kumi na moja jioni ndipo tunaelekea Anaheim.

Jambo jingine ni matunda. Ukiingia California kutoka Arizona utakuta kituo cha ukaguzi wa mazao, na afisa atakuuliza umebeba nini. Juni moja tulikuwa na mfuko wa machungwa ya mti wa nyuma ya nyumba, mke wangu alikuwa ameyachuma kwa upendo, na yote yalibaki pale, kwa sababu wanaogopa wadudu wanaoshambulia mashamba. Alihuzunika hadi Palm Springs. Wandugu, kuleni matunda ya nyumbani kabla ya mpaka.

Muuguzi, Dallas, Texas

Nawashukuru nyote. Nitaongea kuhusu wazee, kwa sababu wengi wetu huwaalika mama na baba zetu kutoka nyumbani wakati huohuo wa likizo na kuwaingiza garini pamoja na wajukuu.

Mama mkwe wangu alitoka Mombasa, ana miaka sabini na moja na anatumia dawa za presha, zile zinazomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Nilijua Mombasa kuna joto, nikadhani amelizoea. Sikufikiri kwamba joto la pwani humtoa mtu jasho analoliona, ilhali jangwani jasho hukauka kabla hujalihisi, na mtu hupoteza maji akiwa mkavu kabisa. Isitoshe, alikuwa hanywi. Kila nikimpa chupa alishukuru, akanywa funda moja na kuirudisha. Siku ya pili, karibu na Kingman, Arizona, alianza kulalamika kichwa, kisha kichefuchefu, na alipokwenda chooni aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ndipo akakiri: aliona haya kumwomba mwanawe asimamishe gari kila saa mbele ya watoto.

Tulichukua chumba cha hoteli palepale, tukamnywesha maji yenye chumvi na sukari kidogokidogo, na kufikia jioni alikuwa akicheka. Angeanza kuchanganyikiwa kwa maneno au kuacha kujibu, nisingesubiri hata dakika moja, ningepiga 911. Kuanzia siku iliyofuata, dereva alisimama kila baada ya saa moja na nusu bila kuulizwa na mtu, na wote tulishuka, ili mama asijione ndiye sababu. Nawasihi fanyeni hivyo tangu siku ya kwanza. Na kabla ya safari mzee azungumze na daktari wake kuhusu dawa hizo, asizipunguze mwenyewe.

Insulini na dawa za pumu zisiachwe garini hata mnapokula chakula cha haraka. Ziwekwe kwenye deli, zikiwa zimefungwa taulo zisigusane na barafu, na deli lishuke pamoja nanyi.

Mchangiaji, Seattle

Shikamooni wakubwa. Mimi na dada zangu wawili tulizunguka upande wa mashariki zaidi, na kilichotusumbua kilikuwa saa. Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, lakini eneo la taifa la Wanavajo, ambalo sehemu yake kubwa imo ndani ya Arizona, linabadilisha, na Wahopi, ambao ardhi yao imezungukwa na ya Wanavajo, hawabadilishi. Tulilala Page, mji wa Arizona usiobadilisha saa, tukiwa na miadi ya saa nne asubuhi ya kuzungushwa Monument Valley, kwenye ardhi ya Wanavajo, kwa gari la wenyeji. Tulifika saa nne kasorobo kwa saa ya mkononi, tukijisifu kwa kuwahi, kumbe pale ilikuwa saa tano kasorobo na gari limekwisha kuondoka. Mwenyeji mmoja alituonea huruma akatutafutia nafasi ya mchana, tukaungua vizuri. Anayepanga safari aulize kila miadi ni ya saa za wapi, na asiitegemee simu, kwa sababu hubadilika kulingana na mnara inaoukamata.

Tulipenda zaidi Antelope Canyon, korongo jembamba la mawe mekundu ambalo huwezi kuingia bila mwongozaji. Watu hulalamikia sharti hilo na gharama yake. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Agosti 1997 watu 11 walikufa humo kwa mafuriko ya ghafla, ingawa mvua yenyewe ilinyesha mbali na pale waliposimama. Julai na Agosti ndiyo miezi ya mvua za radi, kwa hiyo ziara yenu ikiahirishwa huku mbingu za juu yenu ni za buluu, kubalini bila ugomvi.

Mchangiaji, Muscat, Oman

Assalamu alaikum. Nawasoma kwa makini, na sina budi kusema kwamba huku kwetu hakuna anayewapeleka watoto kwenye mchanga wa Sharqiya mwezi wa Julai. Kiangazi watu wa Oman wanakimbilia Salalah, mwendo wa kilomita elfu moja hivi kutoka Muscat, kwa sababu kuanzia Juni milima ya huko inapata manyunyu na ukungu na kuwa kijani. Jangwa tunalitembelea kuanzia Novemba. Je, ndugu zetu wa Marekani hamwezi kuwapeleka watoto Disneyland kiangazi, na jangwa mkaliwekea likizo ya Desemba?

Mwanzisha mada

Wa alaikum salaam, na marhaba, mdogo wangu wa Seattle. Ndugu yangu wa Muscat amesema kweli, na mwenye uwezo wa kusafiri mara mbili afuate ushauri wake. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunapata likizo moja tu, na nauli ya watu watano kutoka Ohio hailipwi mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana nashikilia habari ya kwenda jangwani alfajiri na jioni. Na kwa asiyeweza kuamka saa tisa usiku, namwomba kwa dhati aache kabisa Death Valley mwezi wa Julai, akae Joshua Tree asubuhi moja na kurudi.

Nieleze ya Anaheim pia. Bei ya tiketi ya siku moja ya Disneyland hubadilika kulingana na tarehe, kutoka zaidi ya dola 100 siku tulivu hadi zaidi ya 200 siku za kilele. Mtoto chini ya miaka mitatu haingii kwa malipo, na wa miaka kumi analipa kama mtu mzima. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa ndani ya Disneyland mradi hakiko kwenye chupa za kioo, na vibanda vya vyakula hutoa maji ya barafu bure. Tulikuwa tukitoka saa saba mchana, tunalala hotelini, tunarudi saa kumi na moja. Wanaotafuta chakula halali waende Barabara ya Brookhurst, kwenye mtaa uitwao Little Arabia. Pimeni watoto kimo nyumbani, maana baadhi ya magari ya kasi yanataka sentimita 102, na kilio cha mtoto aliyesimama foleni saa nzima akakataliwa mlangoni ni kizito. Na kama una mtoto wa darasa la nne anayeishi Marekani, mwombee pasi yake ya bure ya hifadhi za taifa kabla ya kuondoka, kwani gari zima litaingia kwa pasi hiyo.

Mwaka huu tunaanza na jangwa, siku nne, tukimalizia Anaheim Jumanne na Jumatano. Ambaye amewahi kupita barabara namba 62 usiku akiwa na watoto wadogo, naomba aniambie kama kuna kituo cha mafuta kinachokesha kati ya Twentynine Palms na Parker, kwa sababu kwenye ramani sioni kitu.