Dot Branning hakustahili kuondolewa kwa ujumbe wa simu

Ndugu zangu, jambo hili limenikaa rohoni tangu Januari 2020, na kila ninapoligusia huambiwa kwamba ile ni tamthilia tu na bibi mwenyewe ni wa kubuni. Nalijua hilo. Ninachowalalamikia waandishi wa EastEnders, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, ni namna walivyomwondoa Dot Branning, ambaye wengi wetu tulimzoea kwa jina la Dot Cotton: akaenda Ayalandi, akamwachia Sonia, mjukuu wa mumewe, ujumbe wa sauti kwenye simu, basi. Mwanamke aliyeingia Albert Square, mtaa wa kubuni wa tamthilia hiyo, Julai 1985, miezi michache baada ya BBC kuanza kuirusha tamthilia hiyo, hakukaa kitako na mtu hata mmoja kumuaga.

Tukumbuke alikuwa mhusika wa namna gani. June Brown alikuwa na miaka 58 alipoanza kumwigiza, umri ambao tamthilia nyingi humpa mwanamke kazi ya kufungua mlango na kumimina chai, lakini Dot alibebeshwa mizigo ambayo vijana wengi wa Albert Square hawakuwahi kuibeba. Mwaka 1990 mwanawe Nick alijifanya ameokoka huku akimlisha sumu, akizitamani pesa ambazo mama yake alizishinda kwenye bingo. Mwaka 2000 Ethel, shoga yake wa miaka mingi aliyekuwa akifa kwa saratani, alimwomba amsaidie kufa, na Dot, ambaye hakuwa na sentensi tatu bila Biblia, akamsaidia, kisha akaishi na jambo hilo kama mwiba uliovunjikia nyamani. Mwaka 2015 Nick alikata roho mikononi mwake kwa sababu safari hiyo Dot alikataa kumwitia gari la wagonjwa, naye Dot akafungwa jela.

Halafu kuna ile sehemu ya tarehe 31 Januari 2008, iliyoandikwa na Tony Jordan. Dot yuko peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa takriban nusu saa, na hakuna mhusika mwingine anayeingia. Amekaa na kinasa sauti, anamrekodia mumewe Jim aliyepooza kwa kiharusi, na John Bardon aliyemwigiza Jim alikuwa amepatwa na kiharusi kweli mwaka uliotangulia. Anasimulia utoto wake, alivyopelekwa Wales wakati wa vita na kulelewa na watu waliompenda, anavuta sigara, ananyamaza, anaendelea, na polepole mtazamaji anaelewa kwamba bibi huyu anatafuta njia ya kumwambia mumewe kwamba hana nguvu za kumuuguza nyumbani. June Brown alikuwa na miaka 80. Kazi hiyo ilimfanya ateuliwe kuwania tuzo ya BAFTA, tuzo kubwa ya televisheni Uingereza, ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2009, heshima ambayo waigizaji wa tamthilia za aina hii huipata kwa nadra sana. Kwa hiyo nasisitiza kwamba waandishi walijua vizuri uwezo wake. Hawawezi kusema hawakuwa na la kumwandikia.

Mimi huku Uingereza nafanya kazi ya kutunza wazee, na nimeitazama tamthilia hii zaidi sebuleni kwao kuliko kwangu. Alikuwepo mama mmoja, karibu umri sawa na June Brown, ambaye chai yake ya jioni ilikuwa lazima ifike kabla muziki wa kufungulia haujapigwa, na alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kuinywa mpaka Dot aonekane. Baada ya ile Januari alikuwa ananiuliza, "Amerudi?" Nilimjibu kwamba bado yuko Ayalandi. Juni tamthilia ikasimama kwa sababu ya korona, Septemba ikarudi, naye akaniuliza tena, na mimi nikamjibu lilelile. Sikuwa na jibu jingine la kumpa kwa sababu hakuna aliyetuandikia jibu jingine.

Simlaumu June Brown hata kidogo. Alikuwa anakaribia miaka 93, macho yake yamefifia, na Februari 2020 alitamka mwenyewe kwamba ameondoka moja kwa moja. Haki yake. Lakini mwigizaji wa umri huo anapotoka kwenye tamthilia, hata kama mkataba unasema ni mapumziko, mwandishi mwenye akili humwandikia kana kwamba harudi. Familia yoyote inalijua hili: bibi wa miaka tisini akienda kwa mwanawe mkoani, watu huamka alfajiri kumsindikiza, na hakuna anayesema tutaonana tu akirudi.

Wala hili si kosa la mara moja. Katika Coronation Street, tamthilia nyingine ya Uingereza, Ena Sharples alikuwepo tangu siku ya kwanza, Desemba 1960, na wavu wake wa nywele na ulimi wake mkali. Mwaka 1980 akaenda mji wa pwani wa Lytham St Annes, na tamthilia haikumrudisha wala haikutangaza kifo chake, ingawa mwigizaji wake, Violet Carson, alifariki Desemba 1983. Emily Bishop wa mtaa huohuo, baada ya zaidi ya nusu karne, alipelekwa Peru mwaka 2016. Lytham, Peru, Ayalandi. Bibi amesafiri, na maisha yanaendelea.

Najua kuna watakaonikumbusha mazishi ya Dot ya Desemba 2022, miezi minane baada ya June Brown kufariki, na wahusika wa zamani waliorudi kwa ajili yake. Niliyatazama na nililia. Yule mama aliyekuwa akiniuliza hakuwahi kuyaona.

Nilichokuwa nakitaka ni dakika tano za Januari 2020, jikoni mwa nyumba namba 25. Dot amevaa koti, mkoba uko mezani, Sonia amesimama mbele yake badala ya kuwa upande wa pili wa simu. Anamwambia usoni yale yale aliyoyaacha kwenye ule ujumbe, anamnukulia mstari mmoja wa Biblia, anaiwasha sigara yake, na kamera inamsubiri mpaka aimalize.