Baa na gesti za Dodoma hazikufungwa mwaka 2020: zilistahili fidia?

Mkaguzi wa Makole: Wadau, naleta hoja. Machi 2020, corona ilipoingia, serikali ilifunga shule na vyuo, ikazuia mikusanyiko, semina na makongamano yakiwemo, na baadaye ikaamuru mabasi yabebe abiria waliokaa tu. Baa, gesti na hoteli za chakula hazikupigwa kufuli. Mwaka uliofuata ukaja mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), dola milioni 567.25, ambao ni kama shilingi trilioni 1.3. Mpango wake ulizinduliwa hapa hapa Dodoma Oktoba 2021, na fedha zikaenda kwenye madarasa 15,000, maji, afya na sekta nyingine, utalii ukiwemo. Mwenye gesti hapa Nkuhungu hakushikishwa kitu. Msimamo wangu: hakustahili. Fidia ni ya aliyefungiwa mlango. Nipingeni kwa hesabu, si kwa huruma.

Sahani Mia Tatu: Mkaguzi, Dodoma si Kariakoo. Mteja mkubwa wa kumbi hapa ni serikali yenyewe. Ikisema semina basi, imefunga ukumbi bila kugusa kufuli.

Hesabu hii hapa. Shughuli ya watu 300 inataka mchele kilo 40 hivi, nyama kilo 65 hadi 75, mafuta lita 20. Ununuzi unaanza siku mbili kabla. Ikisitishwa jioni ya kuamkia shughuli, mchele na mafuta vinabaki salama, nyama inaingia friza ukiomba Mungu umeme usikatike. Kuku waliokwisha kutiwa viungo, nyanya, mchicha na ndizi mbivu, hiyo ni hasara. Maturubai umeshakodi, wapishi wa kutwa wameshachukua nusu yao. Na vyote hivyo vimenunuliwa kwa malipo ya awali ya mteja, kwa hiyo akija kudai chake, hakipo. Mkataba wenye kifungu cha kughairi tu, usio na cha kuahirisha, unawagombanisha mwenye ukumbi na kamati ya harusi bila sababu.

Karani wa Mikopo: Hasara ya Sahani ni ya kweli, ila ni ya mara moja. Kinachoua ni gharama zisizopungua hata mgeni asipoingia.

Chukueni gesti ya vyumba 12, chumba 20,000. Toa 3,000 za sabuni, maji na kufua mashuka, toa ushuru wa halmashauri, tuseme asilimia 10, yaani 2,000. Inabaki 15,000. Pango, mishahara, mlinzi na umeme wa LUKU tuweke milioni 1.9 kwa mwezi, rejesho la benki laki nane. Jumla milioni 2.7. Unahitaji kuuza vyumba 180 kati ya 360 vya mwezi mzima ili usidaiwe. Nusu kamili! Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wameondoka, ndugu hawaji kuwatembelea, Bunge la bajeti limekaa lakini vikao vimefupishwa: hiyo nusu inatoka wapi?

Sasa angalieni. Ukifuta ushuru wote, chumba kitupu hakifaidiki hata senti. Ukiahirisha rejesho, kizingiti kinashuka hadi vyumba 127. Ndiyo maana mimi nasema msaada wa maana ulikuwa tangazo la Benki Kuu la Mei 2020, lililoruhusu mabenki kupanga upya mikopo, kila mkopaji kwa hali yake.

Mkaguzi wa Makole: Basi umenisaidia, Karani. Msaada ulikuwepo.

Karani wa Mikopo: Ulikuwepo kwenye karatasi, mkuu. "Kila mkopaji kwa hali yake" maana yake afisa anataka taarifa ya akaunti, ripoti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na makisio ya mapato. Anayeuza bila risiti na kuandika kwenye daftari la wageni tu hana cha kuonyesha. Halafu riba hailali: chukua mkopo mwingine, tuseme wa milioni 60, kwa asilimia 18 unazaa laki tisa kila mwezi. Miezi mitatu ya kupumua inarudi na milioni 2.7 juu ya deni.

Jirani wa Nzuguni: Mbona Kenya walishusha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka asilimia 16 hadi 14? Na Uingereza Agosti 2020 walilipia nusu ya bili ya mlaji, mwisho pauni 10 kwa kichwa, Jumatatu hadi Jumatano. Sisi tulishindwa nini?

Sahani Mia Tatu: Kule walikuwa wamefunga kwanza, ndugu yangu, ndipo wakahitaji kuwarudisha watu mezani. Na siku hizo hazitufai. Hapa katikati ya wiki ndiko kuna wageni wa kikazi. Ijumaa jioni mabasi ya Dar yanajaa, mji unapwaya. VAT nayo haimgusi mama lishe ambaye hajasajiliwa. Huyo mngemtafuta kwenye ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nayo inataka awe kwenye kikundi.

Mhasibu Mstaafu: Mmesahau kodi ya mapato. Makadirio yanaruhusiwa kurekebishwa katikati ya mwaka. Aliyelipa awamu ya Machi kwa matarajio ya mwaka mzuri, akaacha Juni, Septemba na Desemba zilivyo, alijinyonga mwenyewe. Ila usishushe kwa hasira: makadirio yakiwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, Mamlaka ya Mapato (TRA) wanakutoza riba.

Sahani Mia Tatu: Yote sawa, lakini kuna msaada usiohitaji mkopo wa IMF wala sheria mpya. Taasisi ya serikali iliyokula semina Februari ilipe Machi. Basi.

Mkaguzi wa Makole: Hilo nakubali, kwa kuwa ni deni, si fidia. Ila fungu likiwa dogo, nani alipwe kwanza?

Mhasibu Mstaafu: Mwenye LPO (hati ya agizo la ununuzi), risiti ya EFD na hati iliyosainiwa ya kupokea huduma, na kati yao, mwenye ankara ndogo kabla ya mwenye kubwa. Ankara ishirini za milioni mbili zinafungua majiko ishirini. Moja ya milioni arobaini inafungua moja.

Karani wa Mikopo: Mwenye ya arobaini ndiye mwenye wafanyakazi hamsini, mzee. Hapo sikubaliani nawe.