Je, chumvi mpya ya dawa ya zamani ipewe hataza mpya?

Mwanzisha mada (mnunuzi wa dawa wa hospitali, Kenya)

Wanajamvi, nawasalimu. Hoja hii nimeitoa kazini. Mwaka jana msambazaji mmoja alituandikia kwamba hawezi kutuletea sharubati ya watoto kutoka kiwanda kingine kwa sababu "dawa hiyo ina hataza", yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kwa muda kutengeneza au kuuza alichovumbua. Bahati nzuri barua ilitaja namba ya hataza yenyewe. Nilipoupata waraka na kufika kwenye ukurasa wa madai, yaani yale maelezo yaliyopewa namba moja moja ambayo mwenye hataza anayadai kuwa haki yake peke yake, niliona kuwa dai la kwanza lilihusu kidonge chenye tabaka mbili, na madai yote yaliyofuata yalikiegemea kidonge hichohicho. Sharubati haikutajwa popote. Wakati huo tulikuwa tumekaa wiki sita tukiwapa watoto vidonge vya watu wazima, mama zao wakivikata kwa kisu na kuvikoroga kwenye uji, kwa kuogopa hataza isiyotuhusu.

Tangu hapo siridhiki na maneno kwamba dawa fulani "ina hataza". Dawa moja huweza kuzungukwa na hataza kadhaa: ya molekuli (kiini chenyewe kinachotibu), ya chumvi yake (kiini hicho kikiwa kimeunganishwa na kemikali nyingine ili kikae vizuri ndani ya kidonge), ya namna ya kuitengeneza, ya kuichanganya na dawa nyingine. Kila moja hudumu miaka 20 tangu ombi lake lilipowasilishwa, na kila moja ina nguvu katika nchi zile tu ilikotolewa. Hataza ya molekuli ikiisha, ya chumvi huwa bado inasimama mlangoni.

Mfano ninaoutegemea ni wa bedakwilini, dawa ya kifua kikuu sugu iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2012. Nchini India hataza ya molekuli yake iliisha Julai 2023, lakini kampuni ya Johnson & Johnson ilikuwa imeomba hataza nyingine ya chumvi ya fumarati, ambayo ingeurefusha ukiritimba hadi mwisho wa 2027. Wanawake wawili waliopona ugonjwa huo, mmoja wa India na mwingine wa Afrika Kusini, waliweka pingamizi, na Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ikalikataa ombi hilo. Miezi michache baadaye bei ya dozi ya miezi sita, kupitia mfuko wa kimataifa wa ununuzi wa dawa za kifua kikuu, ilishuka kutoka dola 289 hadi 130, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba haitazitumia hataza za nyongeza za dawa hiyo dhidi ya watengenezaji wengine katika nchi 134 za kipato cha chini na cha kati.

Msimamo wangu ni kwamba ofisi zetu zisitoe hataza kwa umbo jipya la dawa inayojulikana. Nawakaribisha mnipinge.

Mtaalamu wa uundaji wa dawa, Nairobi

Ndugu mwanzisha mada, nakupinga kwa heshima, kwa kuwa unaliita dogo jambo ambalo baadhi yetu tumelifanyia kazi maisha yetu yote. Kumbuka ritonaviri, dawa ya VVU. Mwaka 1998 vidonge vyake vya kapsuli viliondolewa sokoni kwa sababu fuwele za aina nyingine, ambazo hakuna aliyezitarajia, zilijitokeza kiwandani na dawa ikawa haiyeyuki inavyotakiwa. Molekuli ilikuwa ileile, haikuongezwa wala kupunguzwa chembe. Kilichobadilika ni umbo tu, na wagonjwa wakarudishwa kwenye dawa ya maji yenye ladha mbaya mno.

Kisha kapsuli za lopinaviri na ritonaviri zilihitaji jokofu. Mgonjwa wa Lodwar au Garissa angezihifadhi wapi? Mwaka 2005 kikaidhinishwa Marekani kidonge cha dawa hizohizo kinachostahimili joto, ambacho mtu anaweza kukiweka kabatini kama chumvi ya mezani. Hiyo nayo ni kazi ya umbo. Sheria unayoitaka wewe ingemnyima mwenye kazi hiyo hata senti moja, na kesho hakuna ambaye angejisumbua kututafutia dawa isiyohitaji jokofu.

Wakili, Arusha

Naomba niwaonyeshe sheria ilipo, kwa sababu mnashindana kana kwamba njia ni mbili tu. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za miliki ubunifu, unataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kibunifu (yaani usiwe jambo lililo dhahiri kwa mtaalamu wa kawaida) na uweze kutumika viwandani, lakini haukufafanua hatua hiyo iwe na kimo gani. Kimo hicho kila nchi inajipangia. India ilijipangia mwaka 2005 katika kifungu cha 3(d) cha sheria yake: umbo jipya la kitu kinachojulikana si uvumbuzi mpaka lionyeshe ufanisi mkubwa zaidi. Tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilipoamua kesi ya Novartis kuhusu dawa ya saratani iitwayo imatinibu, ilisema kwamba ufanisi wa dawa ni uwezo wake wa kutibu, na kwamba kufyonzwa mwilini kwa wingi zaidi, pasipo ushahidi kuwa mgonjwa anatibika vizuri zaidi, hakutoshi.

Afrika Mashariki tatizo limejificha mahali pengine. Hataza nyingi za dawa hazianzii Nairobi wala Dar es Salaam, zinaanzia Harare, katika ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu. Mwombaji huwasilisha ombi moja na kuzitaja nchi anazozitaka. Kwa mujibu wa Itifaki ya Harare, makubaliano yanayoongoza hataza za shirika hilo, shirika likikusudia kutoa hataza huiarifu kila nchi iliyotajwa, na nchi hiyo ina miezi sita ya kuandika, kwa sababu zinazokubalika, kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Isipoandika, hataza inapita. Kunyamaza ni kukubali, na sisi tunanyamaza.

Nchi zenye maendeleo madogo zaidi, zikiwemo Tanzania na Uganda, hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033, na Uganda iliuandika msamaha huo ndani ya sheria yake ya 2014. Kenya haimo katika kundi hilo. Kwa hiyo, ndugu mwanzisha mada, kimo cha hatua ya kibunifu kinawahusu ninyi zaidi kuliko sisi majirani.

Muuguzi wa wodi ya kifua kikuu, Tanzania

Mimi si mtu wa sheria. Nimechoma sindano za zamani za kifua kikuu sugu kila siku kwa miezi mingi, na nimeona zilivyoua masikio. Mgonjwa wangu mmoja alijua kuwa hasikii siku aliyoamka akawaona wenzake wamekwisha kutawadha, naye adhana hakuisikia. Bedakwilini ndiyo iliyotuwezesha kuziacha sindano hizo. Namuuliza mtaalamu wa Nairobi: kilichoyaokoa masikio ya wagonjwa ni molekuli au ni fumarati?

Mtaalamu wa uundaji wa dawa, Nairobi

Dada, jibu la haki ni molekuli. Fumarati iliisaidia molekuli kukaa vizuri ndani ya kidonge. Kutafuta chumvi ifaayo ni kazi ya kawaida ya maabara yetu, ingawa kuna siku inatusumbua sana. Sikubali, hata hivyo, kwamba kidonge kinachostahimili joto ni kazi ya aina hiyo.

Mwanzisha mada

Nashukuru, na narekebisha msimamo wangu. Nilisema umbo jipya lisipewe hataza kamwe, na kidonge cha kabatini kimenionyesha kwamba nilikosea. Mtu wa Lodwar ambaye dawa yake ilikuwa ikiharibika kwa joto anatibika vizuri zaidi anapopata isiyoharibika, na hilo linaweza kuthibitishwa kwa vipimo. Basi mwombaji alete vipimo hivyo pamoja na ombi lake. Asiyekuwa navyo, kama ilivyokuwa kwa fumarati, akataliwe. Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya 2001 tayari inaruhusu kuingiza nchini bidhaa iliyokwisha kuwekwa sokoni katika nchi nyingine, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Kenya, kwa uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi, ilikataa sheria ya bidhaa bandia itumike kwa namna ya kuwanyima watu dawa halali za jenerika, yaani dawa zilezile zinazotengenezwa na viwanda vingine. Kifungu kama kile cha India kingekaa vizuri kando ya hayo.

Lakini kifungu kitachukua miaka bungeni, ilhali ile miezi sita ya Harare inahesabika hata tunapoandika hapa. Wakili, nakuomba jambo moja: tuandike pamoja barua kwa ofisi ya hataza ya Kenya, tuombe kila taarifa ya dawa inayofika kutoka ARIPO ipelekwe Wizara ya Afya wiki hiyohiyo, pamoja na ukurasa wa madai. Mtaalamu naye, akiwa radhi, awe miongoni mwa watakaousoma ukurasa huo, maana anajua kuliko sisi sote ni kazi ipi ya kawaida ya maabara na ipi siyo.