Naenda Winnipeg mwezi wa kwanza, nivae nini nisigande njiani?

MtotoWaUsambara:
Wakuu habari za jioni. Nimepata nafasi ya kusoma Winnipeg, Kanada, naingia wiki ya kwanza ya Januari na kila ninayemwambia anashika kichwa. Baridi ninayoijua mimi ni ya Lushoto mwezi wa saba, ile ya kuota jiko la mkaa asubuhi huku mdomo unatoa moshi, sasa nimeangalia hali ya hewa ya huko kwenye simu naona hasi 27, nikadhani simu imeharibika. Jana nimepita Karume pale Ilala nimekuta jaketi moja kubwa kama godoro, jamaa anataka 65,000, anasema hili mzungu wa Kanada mwenyewe ndo alikuwa analivaa. Bi mkubwa naye kanipa sweta lake la kusuka, zito, la kijani, anasema hilo linatosha, nikamwambia mama huko sio Lushoto basi kanuna mpaka leo. Nichukue hilo godoro au nisubiri nikanunue huko huko? Na ni kweli watu wanachomeka gari kwenye umeme au nadanganywa?

BintiKisauni:
Mdogo wangu, huyo muuzaji hata hajakudanganya lol. Hilo jaketi huenda kweli lilitoka huku, likapanda meli mpaka Dar, na sasa wewe unataka kulipandisha ndege ulirudishe kwao. Achana nalo. Huku mitumba imejaa, duka la Value Village utapata jaketi la maana kwa bei ambayo dukani hupati hata mkono wake.

Lakini jaketi silo linaloua watu. Mimi mwaka wa kwanza nilikuja na jaketi la bei kali na ndani nimevaa tishati ya pamba, siku moja nimekimbilia basi nikatoka jasho, basi likaniacha, tishati imelowa, nikasimama pale kituoni kungoja jingine, wallahi nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya friji mgongoni. Pamba ikilowa haikauki upesi. Kwa hiyo inayogusa ngozi iwe nguo ya kubana ya sufu laini au poliesta, juu na chini, hata miguu ivalishwe sio kifua peke yake. Juu yake sweta au flisi ya kushika joto. Halafu ndio jaketi, na kazi yake kubwa ni kuzuia upepo. Kinachokupasha ni ile hewa iliyobaki katikati ya nguo, ndio maana ukivaa nguo tano zimebana kama soseji bado utatetemeka. Na miguu ni vivyo hivyo, watu wanavaa soksi tatu kwenye buti la saizi yao kamili, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi. Chukua buti namba moja zaidi na soksi moja nzito ya sufu.

Sasa hilo sweta la mama. Geuza lebo usome. Kama ni sufu basi mama yako kakushinda akili.

KakaBukavu:
Karibu sana ndugu. Mimi nimetoka Bukavu, nikakaa kambini Nyarugusu miaka mingi, Winnipeg niko mwaka wa tisa na kazi yangu ni ya nje, kwa hiyo baridi tunajuana kwa majina.

Gari kuchomeka ni kweli kabisa. Kuna kihita kidogo kwenye injini, waya wake unaning'inia mbele ya gari kama ulimi wa mbwa, usiku unachomeka kwenye plagi ya maegesho. Oili ikipoa sana inakuwa nzito kama asali na betri nayo inaishiwa nguvu, asubuhi injini inakohoa tu. Lakini wewe mwanafunzi hayo utayaona kwa jirani.

Wewe angalia upepo. Usisome hasi 27 peke yake, soma na ile namba ya pili wanayotoa ya baridi ukichanganya na upepo. Ikifika hasi 28 ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30, ikifika hasi 40 ni dakika 5 mpaka 10. Pua, masikio na vidole ndiyo vinaanza. Na hautasikia maumivu! Pakishaacha kuuma ujue pameanza kuganda. Ukifika ndani usisugue, usikimbilie maji ya moto wala moto wa jiko, weka kwenye maji ya vuguvugu, na pakibaki pagumu au pakitoa malengelenge nenda hospitali. Glavu nunua zile zinazoweka vidole vinne chumba kimoja, vinapashana vyenyewe. Mjini katikati kuna njia za juu na za chini ya ardhi zinazounganisha majengo, unavuka bila kukanyaga nje, pale kona ya barabara za Portage na Main utazishukuru.

Na barafu, tembea kama bata. Hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Mimi nilitembea kama mwanaume nikavunja mkono.

MamaWawili:
Wote wanasema nguo, hakuna anayemwambia mtoto habari ya giza. Desemba jua linatoka karibu saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi na nusu jioni limezama. Mwaka wangu wa kwanza kufika Februari nilikuwa nalia huku naosha vyombo, sijui nalia nini. Muulize daktari kuhusu vitamini D, sisi weusi huku jua halitutoshi, na mchana toka hata robo saa. Usijifungie. Mto ukiganda pale The Forks watu wanateleza juu yake, nenda ukaanguke na wenzio ucheke. Hewa ya ndani kavu mno kwa ajili ya hita, utatokwa damu puani, midomo itapasuka, beba mafuta ya mgando makopo mawili. Nywele zikiwa mbichi usitoke nje, zinasimama kama misumari.

JotoLangu_Mbagala:
Nimesoma yote nikiwa na feni usoni. Wacha nife na joto langu.

MtotoWaUsambara:
Asanteni sana wakuu, godoro la Karume nimeliacha. Nimegeuza lebo ya sweta: sufu 100. Nimempelekea bi mkubwa simu asome mwenyewe, kavaa miwani, kasoma polepole mpaka mwisho, halafu akaniuliza hiyo ya kubana ya ndani itapatikana wapi maana Lushoto anawajua wanaosuka.