Uamuzi wa refa usiotoka kichwani: leteni mechi, dakika na kilichokosewa

Mzee wa Dakika Tisini
Wadau, tupeane uzoefu wa mechi ambazo uamuzi mmoja ulizigeuza. Sharti ni moja: usiishie kusema "waliibiwa". Taja dakika, nani alikuwa wapi uwanjani, na sheria ya wakati ule ilisemaje.

Naanza na Bloemfontein, Kombe la Dunia, 27 Juni 2010, Ujerumani na Uingereza. Dakika ya 38, Ujerumani wanaongoza 2-1. Lampard wa Uingereza anaupiga kwa juu, mpira unagonga mtambaa panya upande wa chini, unadunda ndani ya goli na kurudi mikononi kwa kipa Neuer. Refa Jorge Larrionda wa Uruguay anasema cheza. Mwisho wa mchezo 4-1.

Watu humtukana mshika kibendera bila kufikiria alikuwa wapi. Kazi yake ni kuwa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, kwa ajili ya ofsaidi. Shuti likitoka ukingoni mwa boksi, yeye yuko mita 10 au 15 kutoka mstari wa goli. Mpira unagonga mwamba, unadunda na kurudi kabla hajafika sehemu ya kuona. Halafu uwanja wenye upana wa mita 68 unamweka mita 30 kutoka nguzo ya karibu. Hakuna jicho la kuhukumu sentimita kutoka umbali huo na kwa mshazari.

Mtambaa Panya
Niongeze vipimo, maana hapa ndipo mabishano mengi yanapoharibikia. Mstari wa goli hauzidi upana wa sentimita 12, na nguzo na mwamba vina upana ule ule. Mzingo wa mpira ni sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo kipenyo ni kama 22. Goli ni pale mpira WOTE unapovuka mstari WOTE. Sehemu ya mpira inayogusa nyasi inaweza kuwa sentimita 10 nyuma ya mstari na bado lisiwe goli, kwa sababu tumbo la mpira bado linaning'inia juu ya mstari.

Ule wa Lampard haukuwa na utata wa hivyo. Ulikuwa ndani kabisa. Julai 2012 mfumo wa kutambua goli ukaruhusiwa, na Kombe la Dunia 2014 refa alikuwa na saa inayotetemeka mkononi ndani ya sekunde moja. Benzema wa Ufaransa alipogonga nguzo dhidi ya Honduras na mpira ukamrudia kipa Valladares, saa ndiyo iliyoamua.

Winga Teleza
Uingereza wasilie. Fainali ya Kombe la Dunia 1966 dhidi ya Ujerumani Magharibi walipewa goli la Hurst dakika ya 101 ambalo hadi leo hakuna anayeweza kulithibitisha. Refa Dienst wa Uswisi hakuona, akaenda kumuuliza mshika kibendera Tofiq Bahramov wa Azabajani, basi ikawa 3-2, ikaisha 4-2. Deni limelipwa.

Mtambaa Panya
Mkuu, madeni hayalipwi kwenye sheria. Na kosa moja halifanyi jingine kuwa halali baada ya miaka 44. Cha kujifunza kutoka 1966 ni pembe ya kamera. Picha inayorudiwa kila siku imepigwa kwa mshazari. Mpira ukiwa hewani na kamera iko upande wa katikati ya uwanja, utauona kama umeingia zaidi kuliko ulivyoingia. Kamera ikiwa nyuma ya nyavu, utauona kama haujafika. Picha pekee ya kuamini ni ile iliyo sambamba na mstari wenyewe.

Winga Teleza
Kwa hiyo lilikuwa goli au halikuwa?

Mtambaa Panya
Kwa ushahidi uliopo, refa asiye na uhakika hatoi goli. Ndiyo jibu langu.

Jangwani Damu
Mmesema pembe ya kamera, mmenikumbusha Pretoria, 5 Aprili 2024. Mamelodi Sundowns na Yanga, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mechi ya marudiano baada ya 0-0 ya Dar es Salaam. Shuti la Aziz Ki wa Yanga linagonga mwamba, linadunda chini kwenye mstari, linatoka. Refa anasema si goli. VAR, yaani waamuzi wanaokagua kwa video, ilikuwepo. Ikaisha 0-0, Sundowns wakapita kwa penalti 3-2.

Naomba watu watofautishe vitu viwili. VAR si mfumo wa kutambua goli. VAR inategemea kamera za matangazo ya televisheni. Kama hakuna iliyowekwa sambamba na mstari, chumba cha VAR kinaona mshazari ule ule unaouona wewe. Na kanuni yao inadai kosa la wazi lisilo na ubishi ili kubadili uamuzi wa uwanjani. Kwa hiyo ule wa kwanza, uliotolewa kwa macho ndani ya sekunde mbili, ndio uliobaki.

Nyuki Mwekundu
Haukuvuka.

Jangwani Damu
Ulivuka. Lete picha iliyo sambamba inayoonyesha haujavuka.

Nyuki Mwekundu
Lete wewe inayoonyesha umevuka. Anayedai goli ndiye mwenye mzigo.

Mzee wa Dakika Tisini
Hilo tumelijadili toka siku ile, tusilimalizie hapa. Endeleeni na mechi nyingine.

Black Star
Mimi nawaleta Soccer City, Johannesburg, 2 Julai 2010. Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Muntari wa Ghana alifunga kwa shuti la mbali mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Forlán wa Uruguay akasawazisha kwa frii kiki dakika ya 55. Dakika 90 zikaisha, nyongeza ikaja. Dakika ya 120 Ghana wanapata frii kiki pembeni. Mpira unaingia kwenye kundi, kipa Muslera anatoka na kuukosa. Appiah wa Ghana anapiga, Suárez wa Uruguay aliye kwenye mstari anauzuia kwa mguu. Unapanda, Adiyiah wa Ghana anaupiga kichwa, unaelekea nyavuni, kipa hayupo. Suárez anauzuia kwa mikono miwili kama kipa. Refa Olegário Benquerença wa Ureno anatoa kadi nyekundu na penalti.

Gyan wa Ghana anapiga. Mwamba. Kipyenga cha mwisho. Kwenye mikwaju, Gyan huyo huyo alikuwa wa kwanza kupiga kwa Ghana na akafunga, jambo ambalo watu hawamsifii vya kutosha. Mensah na Adiyiah wakakosa. Maxi Pereira wa Uruguay naye akakosa, lakini Abreu akamaliza kwa kuuchota taratibu katikati. 4-2.

Refa hakukosea pale kwenye mstari hata kidogo. Kadi sahihi, penalti sahihi. Ndiyo maana inauma kuliko zote zilizotajwa hapa: sheria ilifuatwa yote na bado aliyevunja sheria akafaidika.

Winga Teleza
Inaniuma mpaka leo.

Beki Kisiki
Kwa heshima zote, beki yeyote angefanya vile. Unabadilisha goli la hakika kwa penalti inayoweza kukosekana, unalipa kwa kadi na kukosa mechi inayofuata. Suárez alikosa nusu fainali na Uholanzi, wakafungwa 3-2. Alilipa.

Black Star
Alilipa nini? Timu yake ilifika nusu fainali. Katika raga mchezaji akizuia alama ya hakika kwa kosa, refa anatoa alama ya adhabu papo hapo. Mpira wa miguu ungefanya hivyo: mkono umezuia mpira unaoingia, hesabu goli, endeleeni.

Mshika Kibendera
Pendekezo hilo lina tatizo la utekelezaji. Refa atalazimika kuapa kwamba mpira ungeingia. Ule wa Adiyiah ni rahisi, ulikuwa kwenye mstari na goli tupu. Sasa chukua beki anayeunawa mpira mita 6 kutoka goli na kipa yuko njiani. Utachora mstari wapi? Utazaa ugomvi mara kumi ya ule ulioutatua.

Na watu wajue hili: beki akiunawa mpira ili kuzuia goli lakini ukaingia hivyo hivyo, goli linahesabiwa na yeye anapewa njano, si nyekundu. Mashabiki wengi hudai nyekundu hapo na wanakosea.

Black Star
Basi anzeni na ile iliyo rahisi. Mpira ukiwa kwenye mstari na hakuna kipa, toa goli. Iliyobaki iwe penalti.

Beki Kisiki
Na frii kiki iliyozaa yote hayo mbona huitaji? Wauruguay wanasema hakukuwa na faulo kabisa, na kwamba kulikuwa na ofsaidi kabla ya mkono. Ukitaka haki kamili, rudi nyuma mpaka mwanzo wa tukio.

Black Star
Ofsaidi ya nani? Taja jezi.

Mzee wa Dakika Tisini
Wakuu, Ghana ifunguliwe mada yake. Nani ana ya wakati? Kipyenga kilichopigwa vibaya.

Saa ya Refa
Mar del Plata, Kombe la Dunia, 3 Juni 1978. Brazili na Uswidi, 1-1. Brazili wanapiga kona sekunde za mwisho, mpira uko hewani, refa Clive Thomas wa Wales anapuliza. Zico anaupiga kichwa, nyavuni. Halikuhesabiwa. Kisheria refa ndiye saa, na penalti pekee ndiyo inayolazimisha muda uongezwe ili ipigwe. Kona haina haki hiyo. Lakini ukikusudia kumaliza, maliza kabla kona haijapigwa au subiri mpira uondolewe. Kuruhusu ipigwe halafu ukate katikati ni kujitafutia kesi.

Ya pili ni Limbe, Kombe la Mataifa ya Afrika, 12 Januari 2022, Tunisia na Mali. Refa Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza kumaliza mechi dakika ya 85, akarekebishwa, kisha akapuliza tena kabla ya 90 kutimia. Ilikuwa imeshakuwa na mapumziko ya maji, VAR mara mbili na kadi nyekundu, kwa hiyo dakika za majeruhi zilipaswa kuwa nyingi. Baadaye ilielezwa kuwa joto lilikuwa limemzidi. Timu ziliitwa zirudi, Tunisia hawakutokea, Mali wakabaki na 1-0 yao. Mwamuzi wa akiba na wasaidizi wote wana saa. Refa akionekana kupotea, hao ndio wa kumkamata mapema.

Namba Sita
Ya kadi: Stuttgart, Kombe la Dunia, 22 Juni 2006, Kroatia na Australia. Refa Graham Poll alimpa Šimunić wa Kroatia njano dakika ya 61, nyingine ya 90, na hakumtoa. Akamtoa kwa ya tatu baada ya mechi. Sababu ni ya uandishi tu. Ile ya pili aliiandika kwenye safu ya Australia, kwa namba 3 wa huko, kwa kuwa Šimunić naye alivaa 3. Andika timu kwanza, namba baadaye.

Winga Teleza
Mimi nashauri: ukitaka kujua ukweli wa tukio, rudia picha polepole mara tatu.

Mshika Kibendera
Usifanye hivyo kwa kila kitu. Picha ya polepole ni kwa mambo ya mahali: mpira uligusa wapi, faulo ilikuwa ndani au nje ya boksi. Kwa nguvu ya rafu na kwa kuunawa, tazama kwa mwendo wa kawaida. Ukipunguza kasi, kila mkono unaonekana wa makusudi na kila mguu unaonekana wa kuvunja mtu. Chumba cha VAR chenyewe kimeelekezwa hivyo.

Namba Sita
Na kwa ofsaidi usianze na mshambuliaji, anza na mguu wa mpigaji. Kamera ya picha 50 kwa sekunde ina pengo la sekunde 0.02 kati ya picha na picha. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 16 katika pengo hilo. Ukichagua picha moja mapema au moja baadaye, umebadilisha uamuzi. Ndiyo maana Qatar 2022 waliweka kifaa ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde.

Winga Teleza
Basi zima sauti ya mtangazaji, utazame mwenyewe. Hilo mtakubali.

Jangwani Damu
Hapana, isikilize, wakati mwingine ana picha ambayo wewe hujaiona.

Chumba cha VAR
Teknolojia haimalizi kosa la mawasiliano. London, 30 Septemba 2023, Tottenham na Liverpool, bado 0-0. Luis Díaz wa Liverpool anafunga, kibendera kinapanda. Chumbani wanakagua, wanaona hakuotea. Lakini aliyekuwa kwenye VAR alidhani uamuzi wa uwanjani ni goli, kwa hiyo akasema ukaguzi umekamilika. Uwanjani wakaelewa ofsaidi imethibitishwa, wakapiga frii kiki. Mchezo ukishaanza tena, kanuni hairuhusu kurudi kwa ofsaidi. Tottenham walishinda 2-1. Dawa yake ni ndogo: VAR atamke uamuzi wa uwanjani kabla ya kukagua, na autamke tena anapomaliza.

Nyuki Mwekundu
Na mashine ikifa je? Radès, Tunisia, 31 Mei 2019, fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Espérance na Wydad. Goli la Wydad linakataliwa, wanadai VAR, wanaambiwa haifanyi kazi. Wakagoma kuendelea.

Chumba cha VAR
Kuharibika kwa VAR hakufuti mechi. Uamuzi wa uwanjani unasimama. Wydad walikuwa na hoja kuhusu goli, lakini kugoma kuliwaharibia, na kombe likabaki Espérance.

Black Star
Lakini ipo mechi iliyofutwa. Polokwane, Novemba 2016, kufuzu Kombe la Dunia, Afrika Kusini 2, Senegal 1. Afrika Kusini walipewa penalti kwa madai kwamba Koulibaly wa Senegal aliunawa mpira, na picha zikaonyesha mpira ulimgonga gotini. Refa alifungiwa maisha kwa kupanga matokeo, mechi ikarudiwa Novemba 2017, Senegal wakashinda 2-0. Kosa la kawaida halirudishi mechi. Udanganyifu uliothibitishwa unarudisha.

Beki Kisiki
Swali dogo kabla mada haijapoa: mpira ukimgonga refa ukaingia golini?

Mshika Kibendera
Tangu 2019 si goli. Refa anasimamisha na kuudondosha mpira. Ni hivyo pia ukimgonga halafu timu nyingine ikaupata, au likaanza shambulizi la hatari. Ukimgonga na timu ile ile ikabaki nao bila hatari, mchezo unaendelea.