Mama Tumaini kakwama A1 ya Kijerumani kwenye Lesen (kusoma), miadi ya viza inakaribia

Baba Tumaini, Kassel, Ujerumani
Habari za wakati huu, ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini. Mke wangu yuko Uyole, Mbeya, miadi ya viza ya familia tumeshapewa. Matokeo ya A1, ule mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya kwanza unaodaiwa kwa viza, yametoka, kapata 57. Kusikiliza na kuongea kaweza, Lesen ndiyo iliyomwangusha. Alikariri daftari zima la maneno, kufika mtihanini kakutana na maneno mengine kabisa. Nimepiga simu kwa wanaoshughulikia viza kuuliza kama faili linapokelewa halafu cheti kifuate. Wa kwanza kasema lete, wa pili kasema faili lenye pengo wanalirudisha hapohapo. Aliyepitia hili anisaidie.

Mama Upendo, Bielefeld
Pole sana shemeji. Lakini mwenye Blue Card (kibali cha kazi cha wenye taaluma) mke wake haombwi A1! Sisi hatukuombwa chochote. Umefuatilia hilo?

Baba Tumaini
Dada, ningekuwa na Blue Card nisingeandika hapa. Mimi ni wa kiwandani.

Mwalimu, Sae, Mbeya
Kamwene. Nimesharudi nyumbani, ila bado nafundisha wanaojiandaa kuja huko. Kukariri orodha ndiko kunakowaangusha wengi. Neno ulilolikariri peke yake ukilikuta katikati ya sentensi hulitambui, na usilolijua linakutia hofu unaacha kusoma. Mimi huanza na hekaya fupi, ile ya kunguru na mtungi, kwa sababu kisa chenyewe kinakushika mkono:

*Ein Rabe hatte Durst. Er fand einen Krug, aber das Wasser war ganz unten. Er warf Steine hinein. Das Wasser stieg, und der Rabe trank.*

Mwanafunzi anajua Wasser (maji), trank (akanywa) na aber (lakini), basi. Namkataza kamusi. Namuuliza: ndege aliyemaliza kwa kunywa, mwanzoni alikuwa na nini? Anasema kiu. Haya, hiyo ndiyo Durst. Kuna aber, maana yake mambo hayakwenda sawa, kwa hiyo maji yalikuwa pasipofikika. Namwambia kitu kikatupwa ndani, baada ya hapo akaweza kunywa. Maji yalifanyaje? Yalipanda. Stieg ameipata mwenyewe, na neno ulilolisaka mwenyewe halitoki kichwani upesi. Krug, yaani mtungi, wengine wanadhani ni ndoo. Sibishani nao, hadithi inasonga vilevile. Tukimaliza ndipo tunafungua kamusi kuhakikisha.

Ya kukariri kweli ni viungo: aber, weil (kwa sababu), deshalb (kwa hiyo), trotzdem (hata hivyo). Hivyo ndivyo vinavyokuambia upande gani maana inaelekea. Na kama kila neno la pili ni geni, andiko hilo limemzidi, atafute jepesi zaidi. Kubahatisha kunahitaji pa kukanyaga.

Kaka wa Makambako, Hamburg
Mwalimu, kwa heshima zote, A1 haina hekaya. Lesen ni dakika 25: barua pepe, matangazo, vibao vya mlangoni. Anatakiwa afikishe 60 kati ya 100, zimebaki alama tatu tu. Msimpotezee shemeji muda na kunguru. Mimi nilifanya mitihani ya mfano hadi karatasi zikachakaa, nikapita.

Mwalimu
Mdogo wangu, soma nilichoandika. Hekaya ni uwanja wa mazoezi. Chukua kibao cha zahanati: *Wegen Krankheit geschlossen. Wir öffnen wieder am Montag.* Geschlossen huijui. Lakini watafungua tena Jumatatu, sasa leo pakoje? Pamefungwa. Ni akili ileile ya kunguru. Mitihani ya mfano afanye, nakubaliana nawe, ila akikutana na neno geni afanye nini? Hapo ndipo alipoanguka.

Mama Upendo
Mwalimu kasema kweli. Binti yangu yuko darasa la pili, shuleni wanasoma hadithi za wanyama hivyohivyo, mwalimu wao hawaambii maana hadi wakisie. Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili chake kinapungua. Mama akipiga simu kutoka Tukuyu akaanza kumsimulia sungura na fisi, mtoto anacheka mahali pasipochekesha. Mvua ya Tukuyu inasikika kwenye bati, bibi anasimulia, na mjukuu anabaki kuniangalia mimi nimtafsirie. Kwa kweli inaniumiza.

Kaka wa Makambako
Na huyo akifika miaka 18 atachagua nchi moja. Wajerumani waliruhusu uraia zaidi ya mmoja tangu Juni 27, 2024, kwetu sheria bado hairuhusu mtu mzima kuwa na pasi mbili. Watoto wetu wamekosea nini huko nyumbani mpaka wakataliwe?

Mama Upendo
Hilo tulijadili kwa uzi wake, tafadhali. Mwalimu, nirekodie sungura na fisi kwa sauti, usimfafanulie chochote. Nataka akisie mwenyewe, kama anavyokisia Kijerumani.

Mwalimu
Nitarekodi leo jioni. Baba Tumaini, safari ya Dar kwenye mtihani ni zaidi ya kilomita 800, asiende tena kabla hajawa tayari. Uyole hadi Sae ni barabara moja. Mwambie aje Jumamosi asubuhi na mtihani mmoja wa mfano ambao hajaugusa, na penseli. Kamusi aiache nyumbani.