Karani wa AMCOS Newala: mzee wa kanisa anataka nipokee kangomba yake kwa majina ya wakulima. Naombeni ushauri

Karani wa Newala
Wapendwa, shalom. Ni karani wa kupokea korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) huku Newala. Kazi mnaijua: mkulima analeta, napima, naandika jina na kilo, mzigo unakwenda ghala kuu kusubiri mnada, fedha zinaingia akaunti ya yule niliyemwandika.

Shida yangu ni mzee mmoja wa kanisa letu. Ni mtu wa watu, kwenye msiba hufika wa kwanza, na mabati ya kanisa jipya tunategemea ahadi yake. Lakini kila Januari, shule zikifunguliwa na chakula kimekwisha majumbani, anatoa fedha kwa kangomba, yaani anazinunua korosho za watu kabla hazijavunwa, kwa bei isiyofika hata nusu ya mnada. Msimu ukianza, korosho zinakwenda kwake, na kadi za benki za wenyewe anazo kabatini, ili fedha zikiingia azitoe yeye.

Sasa anataka mzigo wote niupokee kwa majina atakayonipa. Na wenye majina wanakubali! Kuna mjane wa jumuiya yetu aliyechukua fedha zake mtoto alipolazwa. Ameniambia, "Mwanangu, andika tu, nisije nikaitwa mwizi wa fadhila."

Nikikataa, mjane anabaki na deni na kanisa halina bati. Nikikubali, kila jioni natia sahihi chini ya uongo, halafu Jumapili nasimama kusoma somo la kwanza. Mkristo afanyeje hapa?

Mmwera wa Nachingwea
Kaka, unajitwisha mzigo usio wako. Umeajiriwa kupima. Mwenye jina kasema ni zake, andika. Yule mzee aliwasaidia wakati benki hazikutaka hata kuwasikia. Wewe ulimpa nini huyo mjane siku mtoto analazwa?

Mzee wa Ushirika
Nimekuwa kwenye ushirika Masasi tangu kabla ya stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kupokea korosho ghalani na kuziuza mnadani, kuanza mwaka 2007. Mfumo ule uliletwa ili mkulima asiuze korosho zake gizani. Ukipokea mzigo wa mnunuzi kwa majina ya wakulima, umemfungulia mlango wa nyuma.

Na atakayeulizwa ni wewe. Mnakumbuka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo? Uhakiki ulipopita, watu waliulizwa shamba lao liko wapi. Mtu wa mikorosho kumi hawezi kuleta tani mbili. Kitabu cha mapokezi kina mwandiko wako, wa mzee haumo. Kila mkulima aje na korosho zake mwenyewe, apimiwe mbele ya wenzake, na ukiona kilo haziendani na shamba lake, mwandikie meneja wa chama. Akinyamaza, nenda kwa afisa ushirika wa wilaya.

Bint Mikindani
Mimi ni Muislamu, niruhusuni niseme kidogo. Qur'ani ina sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo, kwa hiyo hili si geni kwetu. Huku pwani tunao wa namna hiyo, wengine wanaswali safu ya mbele. Mimi sitakuja kanisani kwenu kukusikia ukisoma, kaka yangu. Nitakuja na gunia langu.

Mama wa Ndanda
Tumsifu Yesu Kristo. Mmwera, swali lako la mwisho ni zito, na jibu lake ni kwamba hatukumpa kitu. Kangomba inaota pale jumuiya ilipolala. Kulaani mkopeshaji bila kumkopesha mjane ni kumwacha na njaa yake.

Karani, soma Kutoka 22. Ukichukua vazi la jirani yako rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, maana hana kingine cha kujifunika. Kadi ya benki ya mjane ndiyo vazi hilo. Soma na Nehemia 5: watu wameweka rehani mashamba yao kwa ajili ya njaa, na Nehemia anawakemea wakopeshaji hadharani, wala hawaambii wenye njaa wavumilie.

Wewe si liwali kama Nehemia, kwa hiyo anza na njia ya Mathayo 18. Mfuate mzee peke yako. Usiende na mahubiri, nenda na hesabu: alichotoa arudishiwe, kadi azirudishe, kila mmoja alete korosho zake. Deni la mjane jumuiya ilichange. Sisi huku malipo ya korosho yakiingia tunaweka akiba, na Januari tunakopeshana bila riba. Kiasi ni kidogo, lakini kadi ya mtu haijachukuliwa. Bati lisubiri.

Karani wa Newala
Nimewasoma wote. Mmwera, umenichoma, nashukuru. Nimemuuliza mjane: alipokea laki moja na nusu. Jumuiya tunaiweza. Kwa mzee nakwenda Jumamosi, kabla hajashusha mzigo. Limebaki moja: akisema anaondoa mchango wa mabati, mchungaji nimwambie kabla au baada?

Mama wa Ndanda
Baada. Ukitangulia kwa mchungaji, mzee atajua umemshitaki kabla ya kumsikia. Ila ukitoka kwake, pitia kwa mchungaji jioni hiyohiyo, asije akayasikia Jumapili mlangoni mwa kanisa. Na jina la mjane usilitaje kote kuwili.